Nyongeza ya Dola Tano ni Danganya Toto

Msyuuu! Eti dola tano. Mtu kaokota mchezaji kwa dola moja, mchezaji kageuka moto wa kuotea mbali. Mwaka wa kwanza kambakiza kwa dola sita tukanyamaza, wa pili kwa kumi na moja tukameza mate. Sasa anatutazama machoni bila hata kupepesa, anasema safari hii ni kumi na sita, kanuni ni kanuni, ndugu zangu. Huyo mchezaji atazeeka, atastaafu, atakuwa mchambuzi kwenye televisheni, na bado atakuwa mali ya mtu mmoja kwa bei ya kutupa.

Kwa wasiojua, kijiwe chetu kipo Houston, Texas, ubavuni mwa duka la kinyozi. Wapo Wabongo, wapo Wakenya, wapo wenzetu waliotokea Goma na Bukavu. Soka tunalimaliza Jumamosi asubuhi, maana mechi za Uingereza huku zinaonyeshwa watu hawajanawa uso. Lakini ukiingia mwezi wa nane, mazungumzo yanahamia mpira wa Kimarekani, ule wa helmeti, unaoitwa wa miguu na unabebwa mikononi. Huo ndio unaotugombanisha, tena si mpira wenyewe bali ligi yake ya fantasi.

Fantasi ni hivi. Tuko watu kumi na wawili, kila mmoja ana timu yake ya karatasi. Wachezaji ni wa kweli, wa NFL; Jumapili wakikimbia yadi, wakidaka mipira, wakifunga tachidauni, pointi zinaingia kwako. Ligi nyingine watu huchagua wachezaji kwa zamu. Sisi tunanunua kwa mnada. Kila mtu ana dola 200, ambazo si hela ya mfukoni, ni hesabu ya mezani tu, na ndiyo bajeti ya kawaida huko ESPN na Yahoo. Dola hizo zijaze kikosi kizima. Ukimwaga 70 kwa mkimbiaji mmoja, benchi lako utalijaza kwa watu wa dola moja moja.

Mpaka hapo hakuna anayenuna. Kununa kunaanzia kwenye kubakiza. Tunaruhusiana kila mtu abakize wachezaji watatu wa mwaka jana, wasirudi mnadani, kwa bei aliyowapata nayo pamoja na nyongeza. Nyongeza kiasi gani? Hapo ndipo watu wanaposahau salamu.

Yule niliyeanza naye, dereva wetu tunayemwita jamaa wa lori, ndiye mwenye kesi. Septemba 2023, akiwa kwenye kituo cha mafuta njiani, alimchukua bure Puka Nacua wa Los Angeles Rams, akaandikiwa dola moja. Tuseme ukweli, hakuna aliyekuwa anamjua. Rams wenyewe walimchagua raundi ya tano, namba 177. Mechi ya kwanza akadaka mipira 10. Ya pili akadaka 15. Msimu ukaisha na mipira 105 na yadi 1,486, zote mbili rekodi za mchezaji mgeni wa NFL kwa wakati ule. Mwaka uliofuata mdakaji wa aina hiyo mnadani humpati chini ya dola 40. Jamaa wa lori akamweka kwa 6.

Na sisi tukapiga makofi! Maana ilikuwa haki yake. Wengine tulikuwa tumelala, yeye yuko macho anasoma takwimu. Mwenye jicho la mbali apewe chake, sipingi hata kidogo. Ninachopinga ni jicho la usiku mmoja kulipwa pensheni ya maisha.

Tena msidhani kila bahati ni jicho. Mnamkumbuka Le'Veon Bell, yule mkimbiaji? Mwaka 2018 Pittsburgh walimwekea tagi, yaani mkataba wa lazima wa mwaka mmoja, wa dola milioni 14.5. Akagoma. Watu wakasema atarudi wiki ya kwanza, wakasema ya pili, wakasema akiona hela zinapotea atarudi tu. Hakucheza hata dakika moja msimu mzima. Waliommwagia bajeti mnadani wakabaki kufungua simu kila asubuhi kama wanasubiri majibu ya viza. Nafasi yake ikachukuliwa na James Conner, kijana ambaye kwenye mnada wengi walimpita tu. Akakimbia yadi 973 na tachidauni 12. Aliyekuwa naye kwa dola mbili tatu alijua nini kuhusu mgomo wa Bell? Hakujua kitu. Na kwa kanuni yetu ya dola tano, angekaa kwenye raha hiyo miaka na miaka.

Hii dola tano nayo ilitoka wapi? Watu wa kijiweni wanaiongelea kama imeshushwa mlimani. Ukweli ni kwamba mambo haya ya mnada na mikataba yalishika kasi kwenye besiboli. Fantasi ya huu mpira wa helmeti ni ya zamani zaidi, aliianzisha Bill Winkenbach, mmoja wa wamiliki wa Oakland Raiders, akiwa na wenzake hotelini New York mwaka 1962, lakini wale walichagua kwa zamu. Mnada ukaja na Daniel Okrent na rafiki zake mwaka 1980, wakaipa ligi jina la mgahawa waliokuwa wanakutania, La Rotisserie Française. Bajeti yao iliyokuja kuzoeleka ilikuwa dola 260 kwa wachezaji 23.

Sasa sikiliza kanuni yao, wewe unayeimba dola tano. Mchezaji alikaa misimu miwili kwa bei ya mnada. Kuelekea wa tatu unachagua: umwachie, umalizie naye mwaka mmoja kwa bei ileile kisha aende zake, au umfunge mkataba mrefu. Ukichagua mkataba mrefu, unaongeza dola 5 kwa kila mwaka wa ziada, na nyongeza hiyo inaanza kulipwa palepale. Unamtaka miaka miwili zaidi? Bei inapanda dola 10 leo hii, si kidogokidogo. Na ukishasaini umesaini. Akivunjika mguu ni wako, akisahau kucheza ni wako.

Umeona? Dola tano ya wazee ilikuwa kamari. Unaitoa mfukoni kabla hujajua kesho. Dola tano ya kijiweni kwetu unailipa baada ya kuona kila kitu. Kila mwezi wa nane unamwangalia mchezaji wako, mzima au mgonjwa, kocha kabadilika au yuleyule, halafu ndiyo unaamua. Tumechukua namba tukaacha masharti.

Wiki iliyopita mzee mmoja, shabiki wa Dallas Cowboys na hiyo pekee ingetosha kumtilia shaka, akaja na dawa yake: tufanye asilimia. "NFL yenyewe inatumia asilimia 20," anasema, amekunja nne. Ni kweli, mzee wangu, lakini umeshika mkia ukaacha ng'ombe. Tagi ya NFL mwaka wa kwanza inaanzia juu kabisa, kwenye wastani wa mishahara mikubwa ya nafasi ile. Asilimia 20 inakuja ukimwekea tagi mara ya pili. Ya tatu inarukia asilimia 44. Kirk Cousins ndiye darasa la jambo hili. Mwaka 2016 Washington walimlipa kwa tagi dola milioni 19.95. Mwaka 2017 ikawa milioni 23.94. Wangemtaka kwa tagi tena 2018 ingewabidi walipe zaidi ya milioni 34 kwa mwaka mmoja. Wakaachia. Kwotabeki huyo akaingia sokoni, Minnesota wakamchukua kwa miaka mitatu, dola milioni 84, zote za uhakika.

Hapo ndipo penye somo. Nyongeza ile haikuwekwa kumkomoa mtu wala kumzawadia. Kazi yake ni kumfanya mwenye mali, mwaka fulani, aone bora aachie. Nyongeza isiyomfikisha mtu mahali pa kuachia si nyongeza, ni ada ya uanachama.

Ukichukua asilimia 20 kavukavu ukaileta kwetu, maafa. Asilimia 20 ya dola moja ni senti 20. Hata tukisema tunapandisha hadi dola kamili, Nacua anatoka 1 kwenda 2, kwenda 3, kwenda 4. Jamaa wa lori angetununulia soda sote kwa furaha. Upande wa pili, aliyemnunua Christian McCaffrey kwa bei kamili ya dola 60 anaambiwa 72, mwaka unaofuata 87. Huyo huyo McCaffrey ambaye 2023 alikuwa mchezaji bora wa ushambuliaji, na 2024 majeraha yakamwacha na mechi nne tu. Yaani aliyelipa vizuri ndiye anayekamuliwa, aliyeokota anachekelea. Mzee akasema basi tutafikiria. Fikiria, mzee wangu, Cowboys nao wanafikiria tangu ubingwa wao wa mwisho, msimu wa 1995.

Kuna mwingine, kaka wa Mombasa mwenye kalamu sikioni, alileta wazo la kuchukua bei ya zamani na bei ya soko, unajumlisha, unagawa kwa mbili. Mchezaji wa dola 1 ambaye soko linasema 45 anabakizwa kwa 23. Kwa karatasi ni haki tupu. Lakini bei ya soko ya nani, ami? Kila mtandao una yake, na zinabadilika kila siku mwezi mzima wa nane. Tutakesha tunabishania chanzo cha bei badala ya bei.

Sasa kuna kundi linalosema, wewe bwana unapiga kelele bure, mchezaji wa mwenzio akiwa rahisi wewe inakuuma nini? Nunua wako. Hawa ndio wananikera kuliko wote, na mkinipa dakika mbili nitawaonyesha hela zao zinakokwenda.

Watu kumi na wawili kwa dola 200 ni dola 2,400. Hizo ndizo hela zote za ligi, hakuna nyingine. Wachezaji wote tutakaowanunua, tukijumlisha thamani zao, nazo ni 2,400. Chukua mfano tu: wanaobakizwa wana thamani ya 900, ila kwa sababu ya bei za zamani wamewekwa kwa 500. Zimebaki hela ngapi mnadani? Elfu moja mia tisa. Zinagombania mali ya thamani gani? Elfu moja mia tano. Hela nyingi, mali kidogo. Kila kitu kinapanda kama asilimia 27. Yule mdakaji ambaye ungempata kwa 50, siku ya mnada anakwenda kwa 63. Zile dola 13 za juu unamlipia nani? Hazimwongezei mdakaji wako hata yadi moja.

Ni mambo ya fremu za Kariakoo. Mpangaji wa zamani analipa kodi ya enzi zile, hatoki, kwa nini atoke? Wewe unayetafuta fremu leo unakuta zilizobaki ni chache, na kila mwenye nayo anakutajia bei ya kichaa. Hukugombana na mpangaji wa zamani, hata humjui, lakini raha yake imo ndani ya kodi yako.

Kwa hiyo nyongeza si jambo la jamaa wa lori na Nacua wake peke yao. Ukiipanga ndogo, umempandishia bei kila asiye na wa kubakiza, na mara nyingi huyo ndiye aliyeshika mkia mwaka jana. Tunamchapa aliyeanguka. Halafu tunashangaa wiki ya sita watu wawili hawapangi tena vikosi, wachezaji wao wako likizo wiki hiyo na bado wamo kikosini.

Na yule aliyependekeza bajeti ipande kutoka 200 hadi 250 ili "tupumue", mpeni maji ya baridi, jua la Houston limemwingia. NFL kikomo cha mishahara kinapanda kwa sababu hela za kweli zinaongezeka: 1994 kilianza na dola milioni 34.6 kwa timu, 2025 kikafika milioni 279.2. Televisheni inalipa. Sisi nani anatulipa? Ukiongeza dola za mezani huku wachezaji ni walewale, mnada unapandisha bei, na wa kubakizwa anazidi kuwa rahisi. Umempunguzia jamaa wa lori kodi ukadhani umejisaidia wewe.

Nilichokisema mimi, na dada kamishna ananiunga mkono ingawa hataki ionekane hivyo kwa kuwa ndiye msimamizi, ni nyongeza inayopanda ngazi. Mwaka wa kwanza dola 5. Wa pili 10. Wa tatu 15. Wa nne 20. Mchezaji wa dola 1 anakuwa 6, kisha 16, kisha 31, kisha 51. Tazama inavyofanya kazi. Mwaka wa kwanza mwokotaji anafaidi kwelikweli, hakuna anayemgusa. Wa pili bado anacheka, ila kwa adabu. Wa tatu anaanza kukuna kichwa. Wa nne anaachia mwenyewe, bila kura, bila kununiana, na mchezaji anarudi mnadani wote tumpiganie. Aliyenunua kwa 30 anapata njia yake: 35, 45, 60. Hakamuliwi mwaka wa kwanza kama kwenye asilimia, na wala habweteki.

Dada kamishna anataka aliyeokotwa katikati ya msimu ahesabiwe kuanzia dola 10, siyo 1. Hapo tulitofautiana. Mimi naona ngazi inatosha, tusimtoze mtu faini kwa kukesha. Yeye anasema anayeokota halipi chochote mnadani, basi alipe mlangoni. Ana hoja, sitakataa akiiandika. Wengine wanataka ukomo wa miaka mitatu halafu basi, hata kama bei ingali nzuri. Ni sawa pia, ila mimi sipendi kumnyang'anya mtu kwa kalenda wakati bei inaweza kumshawishi.

Kuhusu kubadilishana wachezaji, hilo halina mjadala. Mshahara na mwaka wa ngazi vinamfuata mchezaji aendako. Vinginevyo mashemeji wawili watabadilishana kila mwezi wa kumi na mbili na kila mmoja atadai ngazi imeanza upya. Tunajuana.

Lakini balaa kubwa kuliko namba ni siku tunayopigia kura. Kila mwaka tunaijadili nyongeza mwezi wa nane, kila mtu akiwa ameshafungua simu kuona ana nani. Jamaa wa lori anapiga kura na Nacua mkononi. Aliyeumia na McCaffrey anapigia kura maumivu yake. Asiye na kitu anataka wabakizwaji wafutwe wote. Hiyo si kura, ni watu kumi na wawili wanajitetea. Mwaka juzi mwenzetu mmoja wa Bukavu, mtu mpole kabisa, alibadilisha msimamo mara mbili katika kikao kimoja, na mara zote mbili alikuwa ametoka kufanya biashara ya mchezaji.

Dawa yake ni kwamba kanuni tutakayopitisha imguse mchezaji atakayenunuliwa kuanzia mnada huu, ambaye hakuna anayejua atakuwa wa nani. Walioshikwa tayari wamalizie kwa kanuni waliyokuja nayo. Ndiyo, maana yake jamaa wa lori atamchukua Nacua kwa 16, na nitasonya mpaka meno yaume. Lakini alimwokota kwa kanuni ile, na sote tulikuwepo tulipoipitisha. Ukimgeuzia kanuni leo, kesho watakugeuzia wewe, na ligi ikishakuwa na mazoea hayo haina haja ya mnada, mnaweza kugawana tu pointi kwa kelele.

Basi dada kamishna, andika: 5, 10, 15, 20, kwa watakaonunuliwa kuanzia mwaka huu, mshahara unamfuata mchezaji, na hakuna kura ya nyongeza kati ya mnada na fainali. Mwenye pingamizi alilete kijiweni kabla ya Jumapili. Mnada ni saa kumi jioni, na atakayechelewa kompyuta itamnunulia timu yenyewe, tena haijui kubembeleza.